Waliosimama Chini ya Tope

Shangazi yangu hakuwahi kupata viatu vilivyomkaa. Miguu yake ilikuwa mipana, vidole vimeachana kana kwamba vimegombana, lakini nyayo zake zilikuwa laini kuliko viganja vyangu mimi ninayeshinda kivulini dukani. Alizitunza kweli kweli. Kila jioni alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akazisugua kwa jiwe la mto, akazipaka mafuta, kisha akazikagua kidole kimoja kimoja. Nilikuwa namtania kwamba anatafuta mchumba wa kumaliza naye uzee.

"Wewe unakula kwa mdomo wako," alikuwa akinijibu, "kazi kuwatisha watu kwamba saruji kesho inapanda bei. Mimi nakula kwa miguu. Kila mtu atunze chake, mama."

Ni kweli, nauza saruji. Nauza na nondo, misumari, mabomba na rangi, katika duka lililo karibu na daraja jipya, na mifuko mingine iliyojenga ule ukuta wa zege ukingoni mwa mto ilipita mbele ya macho yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wakisikia habari za mto humrukia mtu wa kwanza aliye karibu. Watu wanahitaji nyumba, na nyumba hazijengwi kwa mate. Hata hivyo kuna siku nikisikia mfuko ukitupwa sakafuni, pu, mwili wote unanisisimka.

Shangazi alikuwa mwokota kome. Kome wa mtoni ni mnyama laini asiye na kichwa wala macho, anayeishi katikati ya magamba mawili meusi yaliyofungwa kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nyama yake walilishwa bata, na magamba yalikwenda kwenye kinu cha kusaga chakula cha kuku, maana kuku anayetaga anahitaji kitu cha kujengea ganda la yai. Kazi yenyewe haina nyavu wala ndoano. Unaingia mtoni mpaka kiunoni, halafu unatembea polepole ukiburuta nyayo mchangani. Kome aliye hai husimama wima, nusu yake imezama, na ukingo wa magamba yake unausikia chini ya wayo. Ukimkandamiza kidogo anafunga, na kule kufunga unakusikia mpaka kwenye goti. Aliyekufa hulala ubavu na magamba yake huachana, maji yakamsukuma anakotaka kwenda. Ndiyo elimu yote. Wanawake wa upande wetu waliipata kwa mama zao, na shangazi aliipata kwa bibi yangu, ambaye aliweza kukuambia kwa kidole gumba cha mguu kama kome huyu amekomaa au bado.

Kwa yule ambaye bado, kulikuwa na utaratibu. Kome mdogo hakuuzwa wala hakutupwa popote tu. Alibebwa kwenye kikopo chenye maji mpaka kwenye kona ya mto iliyo chini ya nyumba ya bibi, mahali ambapo maji huzunguka taratibu na mchanga ulikuwa safi, akachomekwa pale kwa mkono akiwa amesimama. Kona hiyo waliiita Kitalu, kama kitalu cha miche. Sheria ya Kitalu ilikuwa moja, na bibi aliisimamia kwa fimbo: humo hakuokotwi kitu. Unaruhusiwa kupita kwa ncha za vidole uone kama wamesimama, basi. Hukandamizi, huinui hata mmoja ukasema unamtazama tu. Wakikua watazaa, watoto wao watasambaa mtoni, na mto hautaishiwa.

Bibi alipofariki, shangazi alirithi nyumba na Kitalu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na baraza, sakafu ya udongo iliyoshindiliwa, dirisha la jikoni linatazama maji. Mume wake, mfyatua matofali, mtu mpole ambaye nadhani hakuwahi kumaliza sentensi moja mbele ya mkewe, alikufa kwa kifua akiwa bado kijana. Shangazi akabaki na binti mmoja. Huyo binti ni binamu yangu, nami humwita dada kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa. Alimlea kwa miguu ile ile, akamsomesha mpaka akapata kazi ya kushona sare kiwandani. Na kila asubuhi, kabla hajanawa uso, shangazi alishuka kwenye kona, akaingia maji ya magotini, akapapasa kwa vidole, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hamjambo humo?"

Nilipokuwa mdogo nilisubiri wajibu. Ukubwani nilikuwa naona haya watu wakipita.

Mji haukutuvamia. Ulikuja pole pole, kama mgeni anayeanza kwa kuomba maji ya kunywa na kuishia kuuliza chumba chake kiko wapi. Kwanza yalikuja malori ya kuchota mchanga. Halafu likaja daraja. Halafu kilima kizima juu yetu kikavuliwa miti kwa ajili ya maghorofa, na bomba pana likaletwa mpaka ukingoni kumwaga mtoni yale ambayo maghorofa hayakuyataka. Mwisho ukaja ukuta, ili ukingo unyooke na watu wapate pa kutembea jioni wakila hewa.

Walioondoka kwanza ni kaa. Walikuwa na mashimo yao kwenye udongo wa ukingo, na zege lilipomwagwa liliyaziba mashimo na waliokuwa ndani. Waliokuwa nje walionekana mchana kweupe wakitembea juu ya zege bichi, wakitafuta mlango. Alama za miguu yao bado zipo kwenye ukuta, mistari myembamba myembamba, ukipitisha kidole unaisikia. Baada ya kaa wakapotea konokono, wale wa kwenye majani ya majini, kwa sababu majani yenyewe yalikwanguliwa. Kereng'ende walififia bila mtu kuwaona wakiondoka. Tuligutuka tu siku moja kwamba kamba ya kuanikia nguo haina wa kutua juu yake. Uduvi ambao zamani ulijaa kwenye ndoo ukichota maji, ukawa wa kusimuliwa. Walionenepa ni minyoo myekundu karibu na bomba, wembamba kama uzi wa cherehani, maelfu kwa maelfu, vichwa vimezama kwenye tope jeusi na mikia inacheza.

"Nao ni viumbe," shangazi alisema, "lakini wananitia kinyaa. Wanafurahi mno."

Mashine ya kupigilia nguzo ilifanya kazi kutwa. Vikombe vya shangazi vilitembea vyenyewe mezani. Kisha ukaja ule msimu wa mvua ambapo kilima, kikiwa hakina hata jani la kukishika, kilishuka chote mtoni. Maji yalikuwa mekundu wiki baada ya wiki. Yalipotulia, Kitalu kilikuwa kimefunikwa na tope laini la kufika kwenye kifundo cha mguu. Shangazi aliingia, akapenyeza vidole vyake polepole kwenye lile tope, akapapasa hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa juu nimeshika kanga yake, roho mkononi.

"Wapo," alisema hatimaye. "Wamesimama. Wameshuka chini kidogo, basi. Hata wewe ungepigiliwa nguzo kichwani ungeshuka."

Nilicheka. Nilifurahi kwa ajili yake, maana kwingine kote mtoni mambo yalikuwa mabaya. Kwa muda, nje ya Kitalu, alipata kome wakubwa tu, na mimi na akili zangu za dukani nikaona ni neema, gunia linajaa haraka. Yeye hakufurahi. Kikopo cha wadogo kilikauka kikapata kutu, na alisema hapendi mto usio na watoto. Baadaye hata wakubwa wakaadimika. Wenzake wakaacha, mmoja mmoja, wakaenda kufua na kudeki kwenye yale maghorofa. Yeye naye akaanza kufulia watu, lakini asubuhi aliingia Kitalu kama kawaida. Ikawa Kitalu peke yake ndicho kilichobaki. Alisema mto wote umekufa ganzi, na roho yake imehamia pale kwenye kona.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Dada alipata nyumba ya kupanga mjini, ghorofa ya nne, vyumba viwili, maji ya bomba ndani. Jioni moja alikuja kumwomba mama yake ahamie kwake. Nilikuwepo, namenya vitunguu, na natamani nisingekuwepo. Alibembeleza kwanza. Alisema nyumba ina nyufa, alisema ukuta utafika hapa siku si nyingi, alisema yeye mwenyewe jioni akirudi kazini anazungumza na kuta.

"Niwaachie nani?" shangazi akauliza.

"Akina nani, mama?"

"Unawajua."

Dada aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Kwa hiyo unachagua kome. Kati yangu na kome, unachagua kome."

Shangazi angeweza kusema lolote. Angeweza kulia, angeweza hata kumchapa kofi, na yote yangepita. Badala yake alisema, kwa upole kabisa, "Wao hawana pengine pa kwenda. Wewe unapo."

Dada alichukua mkoba wake akaondoka, na hakurudi tena. Misimu miwili ya mvua ilipita. Alituma sukari, sabuni, dawa ya miguu, vyote kupitia kwangu, na kila mara aliniuliza swali moja, "Bado anaingia?" Nikisema ndiyo, alibadilisha mazungumzo. Shangazi naye alipokea vitu bila kuuliza habari za mtumaji, kisha nikigeuka namkuta ananusa karatasi vilivyofungiwa. Mimi katikati, kama mlango unaopigwa teke pande zote mbili. Nilimwona dada ana moyo wa jiwe, na nilimwambia hivyo. 

Nilikuwa nikienda kwa shangazi siku za mapumziko. Jioni mashine zikizimwa, kimya kilichobaki hakikuwa kimya cha kawaida. Hakukuwa na chura wala mdudu wa kulia, wala ule mnong'ono wa viumbe wadogo ukingoni ambao huusikii mpaka siku unapokoma. Maji yalipita tu. Shangazi alikaa mlangoni na miguu yake yenye mafuta, ameinamisha kichwa upande wa kona.

"Unawasikia?" aliniuliza mara moja.

"Sisikii kitu, shangazi."

"Ndiyo hivyo. Wametulia."

Sikuwa mtu wa kuogopa mizimu, lakini jioni hiyo niliaga mapema.

Kisha ukuta ukafika kwetu. Kabla ya kuendelea, kampuni ililazimika kupima kama kuna viumbe hai wa kulindwa kwenye kona, na akaja mpimaji, binti mwenye buti za mpira mpaka mapajani, na sinia pana jeupe na chekecheke. Alikuwa na heshima zake. Alimwamkia shangazi shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akaeleza bila kuzunguka: akikuta kome hai wa kutosha, ukuta utarudishwa nyuma na kona itaachwa kama ilivyo, nyumba pia. Asipowakuta, ukuta utanyooka, na nyumba itakuwa chini yake.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Wa kutosha? Mwanangu, utahesabu mpaka uombe maji. Kuna wazee humo walionitangulia mimi."

Nilimwona amerudi ujana. Aliniambia pembeni, akiwa amenishika sikio kama mtoto, kwamba karatasi ya serikali ikitoka atampelekea binti yake aisome kwa macho yake mwenyewe. "Ataona sikuwa kichaa. Ataona nilikuwa na kitu cha kulinda, ndipo atakuja tuzungumze." Kwa hiyo haikuwa nyumba tu. Alikuwa ameweka rehani mtoto wake kwa ajili ya kona ile, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kumkomboa.

Tatizo lilikuwa sheria. Mpimaji alihitaji kuwatoa, angalau wachache, awaone kisha awarudishe. Shangazi alifikiri. Akaingia ndani, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatoka.

"Wa kwanza nitamtoa mimi," alisema. "Mama yangu atanisamehe, ni kwa faida yao."

Tuliingia wote watatu, mimi nikiwa nimebeba beseni na sketi imefungwa kiunoni. Sikuwa nimewahi kukanyaga Kitalu maishani mwangu. Tope lilikuwa baridi na laini kuliko inavyostahili, likaniingia kati ya vidole, halafu chini yake nikawasikia. Ukingo, ukingo, ukingo, safu kwa safu, kama sahani zilizopangwa kwenye kichanja. Wamesimama wote. Machozi yalinitoka. Nikasema moyoni, kweli bibi kizee huyu alikuwa na haki, na sisi wote tulikuwa wajinga.

Shangazi alijipima, akavuta pumzi, akainama mpaka sikio likagusa maji. Akamtoa. Alikuwa mkubwa wa kujaa kiganja, mweusi, amefumba kabisa. Alimpima mkononi, na niliona uso wake unabadilika kidogo, kama mtu aliyeonja chumvi mahali pa sukari.

"Mzito," alisema. "Ameshiba."

Mpimaji alimpokea kwa mikono miwili. Akamgusa ukingoni, akasubiri. Akamgusa tena. Kisha akachukua kisu kidogo butu, akapitisha katikati ya magamba bila nguvu yoyote, na magamba yakafunguka.

Ndani kulikuwa na tope. Tope jeusi lililoshikana, limechukua umbo lake lote, kila mkunjo, kana kwamba limekalia kiti cha mwenyewe. Harufu haikuwepo hata. Alikuwa amekufa muda mrefu kiasi kwamba hata kunuka kulikuwa kumekwisha.

"Huyo mmoja," shangazi akasema. "Uzee. Ngoja."

Akatoa wa pili. Akatoa wa tatu. Akasogea upande wa kwenye jiwe, akasema hapo ndipo walipo wenye afya, akatoa wengine. Mpimaji alifungua, akaweka kwenye sinia, akafungua, akaweka. Tope, tope, tope. Mwanzoni nilimchukia yule binti na kisu chake. Nilitaka kumwambia afungue vizuri, kana kwamba kuna namna ya kufungua inayomrudisha kome. Wale wadogo waliochomekwa miaka mingi kwa mkono walikuwepo pia, magamba yao membamba kama kucha, nao wamesimama, nao wamejaa tope. Jua lilipanda likatuchoma visogo, na shangazi bado anainama na kuinuka, kanga imelowa mpaka shingoni.

"Mama," mpimaji akasema taratibu, "tupumzike."

"Wamesimama," shangazi alisema. "Aliyekufa analala. Hawa wamesimama."

"Tope liliwafunika ghafla, mama. Liliwabana hivyo hivyo walivyokuwa. Hawakupata nafasi ya kulala."

 Maji yalizunguka magoti yetu taratibu. Chini yetu walikuwa mamia, na mimi nilikuwa nimesimama juu yao na sijui pa kuhamishia mguu. 

"Tangu lini?" akauliza.

Mpimaji alifuta gamba moja kwa kidole gumba, akalitazama ndani. Mng'ao wa ndani ulikuwa umekwisha, limekuwa jeupe la chaki. "Si mwaka huu, mama. Wala mwaka jana. Itakuwa ile mvua kubwa, kilima kilipoporomoka."

Nilimwona shangazi akirudi nyuma kwa akili, msimu baada ya msimu, mpaka akafika pale jikoni, vitunguu, kikombe kimewekwa chini kwa nguvu. 

"Basi alipokuwa ananiomba," alisema, na hakuwa anasema nasi, "walikuwa wameshakufa."

Jioni hiyo hakusugua miguu. Aliketi kitandani ameipandisha juu, ameikumbatia, na nilipomletea chai hakutaka kuteremka. Alisema akiiweka chini anawasikia. Nilimwambia hii ni sakafu, shangazi, ni udongo mkavu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayemridhisha mtoto, na miguu haikushuka. Nilimpa chai pale pale. 

Asubuhi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilimwona akitoka nyumbani bila kushuka kwenye kona. Alikuwa amefunga begi. "Nipeleke kwake," alisema.

Njiani nilikuwa na hofu moja. Namjua dada, ana ulimi. Niliogopa atasema, si nilikuambia. Tulipanda ngazi, shangazi akishika ukuta, viatu vyake vya kubana vikipiga kelele, akipumzika kila ghorofa na kukataa nimshike. Mimi nilibeba begi. Niligonga.

Dada alifungua akiwa na futi ya ushonaji shingoni. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akajua kuna jambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Shangazi hakuingia. Aliyasema pale pale mlangoni, upesi, kama mtu anayetema kitu kichungu. "Wamekufa. Wote. Walikufa zamani, kabla hujaniomba. Nimekufukuza mwanangu kwa ajili ya maiti."

Nilisubiri ule ulimi. Dada alishusha macho.

"Najua, mama," alisema.

"Unajua nini? Tumewafungua jana."

"Niliwatoa. Asubuhi ya siku ile niliyokuomba uje, nilipita kabla ya kazi. Ulikuwa umekwenda kuwapelekea watu nguo zao. Nilitaka tu kuona kama wadogo wamekua. Nikatoa mmoja, ni tope. Nikatoa mwingine. Nikatoa wengi."

 "Na ukanyamaza?" nilimrukia. "Muda wote huo, mimi naenda na kurudi na sabuni zako, unaniuliza bado anaingia, na ukanyamaza?"

Hakunitazama. "Ningemwambia vipi? Hana mto, hana mume, wenzake wameondoka. Nikasema akija kukaa kwangu, ukuta utapita juu yao na hatajua kamwe. Alipokataa, nikaona bora anione mimi mbaya. Mtu mbaya unaweza kumkasirikia, ukapata nguvu."

Shangazi alishika fremu ya mlango. Nilidhani ataanguka, nikasogea, akanizuia kwa kiwiko. 

"Hao uliowatoa," aliuliza, "uliwatupa wapi?"

"Sikuwatupa, mama." Sasa dada alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. "Niliwafumba, nikawarudisha mmoja mmoja pale pale. Niliwachomeka wima, kama walivyokuwa. Nilichelewa kazini siku hiyo."

Shangazi alimtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anazaliwa.

"Umewazika vizuri, mwanangu," alisema. "Mimi nilikuwa nawakanyaga."

Dada alimvuta ndani kwa mikono yote miwili. Mlango ukajifunga nyuma yao, nami nikabaki kwenye ngazi na begi mkononi, nikiwasikia wanalia, na sikugonga.